Maji ya Chai ya Nyumbani

Makambako

Dada yangu Hulda,

Dumu la maji ya chemchemi ya kwetu lilifika salama. Jirani yangu Kefa alikunywa vikombe vitatu vya chai, akasema, "Mzee, kumbe miaka arobaini hapa Makambako umekuwa ukitunywesha matope!"

Kwa udadisi wangu, yaliyobaki niliyapeleka yakapimwe. Yana naitreti nyingi, ile ya mbolea ya viazi inayozama ardhini mvua ikinyesha. Sisi wazee hatutakufa kesho, lakini kichanga cha mjukuu wako Beatha kisikorogewe tena maziwa kwa maji hayo. Damu yake itashindwa kubeba hewa. Najua utasema unayachemsha sana. Kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha. Chukueni maji ya bomba la kanisani, leo hii. Simu yako haipatikani, ndiyo maana nimempa kondakta barua.

Usimlaumu mtu. Kile kinyungu, yaani kibustani cha viazi cha bondeni, juu kidogo ya chemchemi, nilikifungua mimi ujanani, nikajiona nimempita baba akili. Jumamosi nakuja na jembe tung'oe viazi hivyo, tupande nyasi.

Andaa chai ya maji ya bomba. Nitanuna kikombe cha kwanza tu.

Kaka yako,
Elius