Sahihi ya Kapteni Brockdal

Jumatano, 3 Mei 1809

Tumepoteza mashua! Moja kati ya saba zilizobeba shayiri, tunazosindikiza kwa manowari yetu kutoka Jutland kwenda Arendal. Adui yetu Mwingereza kaichukua mchana kweupe. Mlinzi wa mlingotini aliita: tanga, kusini! Kapteni Brockdal akaweka darubini jichoni, akatazama wee, kisha akasema ni wavuvi, tuendelee.

Wavuvi! Mizinga yao niliiona kwa macho matupu. Luteni Krabbe, msaidizi wake, alijaribu kubisha, akaambiwa afunge mdomo. Mimi, karani wake, nikainamia daftari langu.

Mwingereza kafunga bahari, na kwetu Arendal watu wanasaga magome ya miti wapate mkate.

Ijumaa, 5 Mei

Upepo umetukataa. Tumetia nanga nyuma ya visiwa, manowari na mashua sita zilizobaki. Watu hawaimbi tena wakifanya kazi.

Krabbe kanivuta pembeni. Kapteni, anasema, alikuwa mateka Uingereza miezi minane, akarudi Krismasi. Wenzake wako kule hadi leo. Kwa nini aachiwe yeye peke yake?

"Stang, Mwingereza hatoi hata salamu bure."

Nilimwambia aache umbeya. Lakini alasiri boti ya doria ilileta amri za Mkuu wa kikosi. Kapteni akaniita chumbani kwake, akafunga mlango, akaniambia nimsomee. Eti mafua yanamtoa machozi. Muhuri haujaguswa! Nani hana haraka ya kujua amri zake? Aliyekwisha kuzijua. Au ananipima mimi?

Jumapili, 7 Mei

Baada ya sala Krabbe kanionyesha barua. Anamshtaki Kapteni kwa uhaini: kamuuzia adui mashua. Ameshaweka sahihi yake, anataka na yangu.

"Wewe ndugu zako wanatafuna magome, halafu unasitasita?"

Nikasema nipe siku mbili.

"Chukua. Ukikataa nitajua uko upande gani."

Barua ninayo. Mhaini hunyongwa. Na Krabbe naye simwamini! Brockdal akiondoka, manowari hii anabaki nayo nani?

Jumatatu, 8 Mei

Nimefanya jambo la hatari. 

Kila asubuhi nampelekea Kapteni karatasi za kutia sahihi: maji, baruti, wagonjwa. Leo nimechomeka katikati barua ya Krabbe. Nilitaka kuuona uso wake. Mwenye hatia atabadilika rangi, nilijiambia, na asiye na hatia atanirukia kooni.

Akaishika. Akaiangalia kwa utulivu, mstari kwa mstari — au ndivyo nilivyodhani.

"Mwandiko wako unazidi kunyooka, Stang."

Akatia sahihi. Chini kabisa ya jina la Krabbe! Kasaini mashtaka yake mwenyewe!

Mwandiko ule si wangu, ni wa Krabbe. Nimekaa saa nzima nikiitazama karatasi. Mafua. Muhuri. Wavuvi.

Mungu wangu. Haoni.

Au kaisoma yote, ananichezea?

Jumanne, 9 Mei, asubuhi

Nimekwenda kumwuliza, ana kwa ana. Nilitegemea anifokee. Akatafuta kiti kwa mkono.

"Ndiyo sababu waliniachia," akasema. "Mateka kipofu ni mzigo tu. Jicho la kulia limekufa. La kushoto linaona ukungu."

"Na bado ulichukua uongozi wa manowari, afande?"

"Niliingia baharini nikiwa na miaka kumi na miwili. Nikae nchi kavu nifanye nini?"

Kisha akaniuliza, polepole: ile mashua, watu wake walitupungia bendera?

Nikasema ndiyo, afande.

"Kwa muda mrefu?"

"Hadi walipokamatwa."

Watu tisa. Akafunika uso. Nilimwonea huruma, na papo hapo nikajishuku: hivi ndivyo mtu anavyonunuliwa?

Ameniomba nimwambie ninachokiona hadi Arendal. Akifika, yeye mwenyewe atakiri upofu wake. Atakiri kweli? Mtu aliyetudanganya tangu Krismasi! Nikimnyamazia na mashua nyingine ikipotea, itakuwa juu yangu. Nikimpa Krabbe barua hii, sahihi ile itasomwa kama kukiri kosa, naye atanyongwa kwa uhaini ambao hakuufanya. Nikiichana, Krabbe ataninyooshea kidole mimi.

Nilitoka nikimwacha Kapteni akisubiri. Barua sikumtajia.

Saa sita

Upepo umegeuka, tumeng'oa nanga. Mashua zote sita ziko nyuma yetu. Krabbe anagonga mlango wangu.

"Stang! Siku zako zimekwisha. Nipe barua yangu!"

Nimeifunika kwa daftari hili, naandika juu yake.

Juu wanaita — tanga! Kusini! Krabbe kaacha kugonga, anakimbia. Nasikia watu wanauliza ni nani, ni wangapi. Sasa Kapteni, sauti yake kubwa ileile, sitaha nzima inasikia. Haombi darubini.

"Stang yuko wapi? Niitieni Stang!"