Mguu wa Nne

3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini moyo umetulia na dawa unameza. Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kusimama. Huku kwenye chumba cha kufulia cha hoteli mashuka hayaishi, na msimamizi akipungukiwa mtu, jina la kwanza kumjia mdomoni ni langu.

Mama, nakuandikia kwa sababu simu umeizima, na naandika nikiwa na hasira, unisamehe. Shangazi amenipigia analia. Anasema alikuja kwako na kamati nzima kukuomba upike harusi ya mtoto wa baba mdogo, ukamjibu "sipiki," ukaingia ndani. Sipiki! Jamani, mama! Harusi gani ya ukoo huu imewahi kupikwa bila wewe? Tangu bibi akukabidhi ule mwiko mkubwa, hakuna mkono mwingine ulioushika.

Ningenyamaza kama ungekuwa umelala kitandani. Lakini naambiwa kila asubuhi uko kwenye karakana ya fundi seremala, umejifunga kitambaa kiunoni, unasukuma randa. Si daktari alisema upumzike? Nguvu za randa unazo, za kupikia ndugu huna? Watu wanasema, mama. Wanasema sana.

Nimeshamwahidi shangazi kwamba utapika. Tafadhali usiniaibishe.

Mwanao

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, dawa nameza. Pole na miguu. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na huyo msimamizi wako mwambie hapana. Ni neno fupi, hata mtoto mchanga analiweza.

Sasa nisikilize. Umemwahidi? Umemwahidi kwa mikono ya nani? Ya kwako iko huko inapiga pasi. Kumbe umemwahidi mikono yangu, bila hata kuniuliza!

Na daktari hakusema nipumzike. Wewe hukuwepo, niliyekuwepo ni mimi. Alisema, "Mama, nguvu zako sasa ni ndoo moja ya maji kwa siku, na bomba limefungwa. Chagua utamwagilia nini." Nilirudi nyumbani nawaza, nikaona ndoo yangu maisha yote imekuwa ya watu kunawia.

Harusi, misiba, mahafali, nani alikuwa uani? Masufuria ya ukoo huu nayajua kila moja na kovu lake. Ila niulize bibi harusi alivaa nini, sijui. Ukumbi ulipambwaje, sijui. Mimi niko nyuma, macho yamejaa moshi, na chakula changu ni ukoko wa baridi, naula nimesimama huku nasugua. Siku ile nilipoanguka uani, unajua shangazi yako aliuliza nini kwanza? Aliuliza, "Nyama imeiva?" Nilikuwa chini, nilimsikia kwa masikio yangu haya. Halafu leo analia kwenye simu. Alie tu, machozi hayanunuliwi.

Randa ni ya kiti. Natengeneza kiti, cha kwangu. Katika nyumba hii kila aliyekuja alikaa, mimi nikavuta kigoda. Fundi ananielekeza, mikono ni yangu, na nikichoka naacha. Nikirudi nyumbani nimechoka kweli, lakini ni uchovu wangu, sikubebeshwa na mtu.

Miguu mitatu imekamilika. Wa nne bado, fundi ameishiwa mbao ngumu.

Mwambie shangazi yako harusini nitakuja. Kupika, sipiki.

Mama yako

25 Machi

Mama,

Shikamoo, habari za huko. Mimi naendelea.

Kiti, mama? Viti vimejaa madukani! Nimesoma barua yako mara mbili nikidhani labda unatania. Wageni wameshaalikwa, na shangazi ameapa kwamba usipopika hatakanyaga tena mlangoni kwako wala kwangu.

Nimepanga na baba mdogo. Atakuja na gari asubuhi ya harusi kukuchukua wewe na mwiko. Kuni, mchele, nyama, kila kitu kitakuwa tayari, wewe ni kusimamia tu. Mimi ruhusa nimekosa, nimepangiwa zamu ya mwenzangu.

Ukikataa, atakayeitwa mwongo ni mimi. Nifanyie hili moja, mama, halafu basi.

Mwanao

18 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hujambo lakini? Niandikie hata mstari mmoja.

Harusi imepita na sijui kitu. Shangazi hapokei simu. Baba mdogo amepokea mara moja tu, akasema, "Kamuulize mama yako," akakata. Nimewaza kila baya. Nimekuona umeanguka uani tena, na safari hii aliyekupeleka pale ni mimi na mdomo wangu.

Juzi nilikuwa kwenye zamu ya mtu mwingine, ya pili kwa siku ile. Nikasinzia nimesimama, pasi ikaniunguza mkono. Nikapiga yowe. Msimamizi akaja mbio akauliza, "Shuka limepona?"

Mama, nilikaa chini pale pale nikalia mbele za watu. Akaniambia ninyanyuke, nikamwambia hapana. Ndiyo mara yangu ya kwanza.

Nisamehe. Niambie tu kwamba uko hai.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nipo, sijafa. Mkono umepona? Usilipasue hilo lengelenge. Nilikawia kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe, na sikutaka ndoo yangu iishie kwenye barua ya matusi.

Baba mdogo alikuja na gari kama mlivyopanga. "Shemeji, mwiko uko wapi?" Nikamwambia mwiko nakuja nao. Akafurahi, akanipakilia na kiti changu bila kuuliza.

Tulipofika, shangazi yako akanipokea na aproni mkononi. Nikampita. Nikaingia ukumbini, nikaweka kiti changu mstari wa mbele, nikakaa. Akanifuata anahema, "Wifi, maji yanachemka! Mwiko uko wapi?"

"Nimeukalia," nikamwambia.

Nikasogeza gauni nikamwonyesha mguu wa nne. Ndio mpini wa mwiko wenyewe, mbao ngumu, imenyonya mafuta ya harusi za watu. Fundi mwenyewe aliniuliza kama nina hakika kabla sijashika msumeno. Ukelele alioupiga shangazi yako, hata wapiga muziki walinyamaza. Eti nimekata urithi wa ukoo! Nikamwambia, "Wifi, kama ni urithi, mbona wewe hujawahi kuugusa?"

Basi wakapika wenyewe, kamati nzima na kucha zao za rangi. Baba mdogo alikoroga kwa mpini wa fagio. Wali ulikuwa mbichi katikati na mchuzi ni chumvi tupu. Nilikula sahani yote, maana chakula kilikuwa cha moto. Miaka yote hiyo sikujua kwamba harusini watu hula chakula cha moto. Na bibi harusi nilimwona, mwanangu. Alivaa gauni lenye mikono mirefu, na kiatu kimoja kilikuwa kinambana, alikuwa akikivua chini ya meza.

Sikufichi, bado nina kinyongo na wewe kidogo. Kitaisha. Hiyo hapana uliyomwambia msimamizi imekipunguza.

Ila kuna jambo. Jana shangazi yako alikuja, ingawa aliapa. Aliomba kile kichwa cha mwiko kilichobaki. Alitaka kitiwe mpini mpya, kisha uletewe wewe, kwa kuwa wewe ndiye mtoto wangu wa kwanza na zamu sasa ni yako.

Nilikitia motoni mbele yake, nikabandika chai. Niliinywa nimekaa, ikiwa ya moto.

Mama yako