Chupa ya Maji ya Bahari

Zuhura mjukuu wangu,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia huku Mgeta. Sote wazima, shangazi yako kajifungua wa kike, na njegere zimekubali mwaka huu.

Unaniuliza, kati ya hizo meli mbili za matembezi uchague ipi, wewe usiyependa kuchungwa. Meli mimi sizijui. Najua malori.

Serikali iliporuhusu watu kujiuzia mazao yao wenyewe nilikuwa msichana, nikaanza kupeleka kabichi Dar. Mara ya kwanza nilipanda lori jipya, lenye turubai na redio. Tulishushwa sokoni, dalali akachukua mizigo yote, na kabla sijanyoosha miguu dereva akapiga honi: haya, pandeni, tunarudi! Nyumbani mama yangu, ambaye hakuwahi kushuka milimani, akaniuliza, "Bahari ikoje?" Nikamwambia sikuiona.

Safari iliyofuata nikapanda lori kuukuu la mzee mmoja aliyekuwa akishinda Dar kutwa akitafuta mzigo wa kurudi nao. "Alasiri uwe hapa," alisema, "mengine shauri yako." Nikauliza njia, nikapotea mara mbili, nikafika ufukweni, nikachota maji kwenye chupa. Mama aliyaonja, akatema, akacheka mpaka akakaa chini.

Basi usiulize meli ina mabwawa mangapi ya kuogelea. Uliza ikitia nanga inakaa muda gani, na kama wanakuachia ushuke peke yako. Ukirudi, habari za meli sitakuuliza. Nitakuuliza huko iliposimama kukoje.

Na chupa usisahau.

Bibi yako