Simu ya Deo Haikuzikwa

Jumatatu, 3 Juni

Vidonge, uji, kikohozi. Kisha nimeingiza tena mkono ndani ya gunia la mpunga. Ipo. Simu ya mwanangu Deo, ambayo familia nzima inaamini ilifukiwa pamoja naye shimo la madini lilipoporomoka kule Lusangi. Nimeificha karibu mwaka mzima. Leo nimeitoa, wala si kwa toba. Jumamosi tunavunja matanga, nami sina muda mrefu. Sitaki kufa waje kuikuta.

Kioo chake kimekufa. Picha zitaonekana kwenye kompyuta tu. Kuna zile ninazotaka kuzifuta.

Jumanne, 4 Juni

Pikipiki hadi sokoni. Mifupa yote inauma. Duka la Mama Zawadi: kompyuta moja, printa moja, jenereta inayokohoa kuliko mimi. Nikamdanganya kwamba simu ni yangu. Akachomeka waya, akafungua faili. Vibao vya kijivu vitupu, kila kimoja na namba ndefu chini yake. Juu, mstari wa kijani ukatambaa kidogo, ukasimama.

"Papa Prefe, acha nikopie zote kwanza mu mashini. Kisha zitafunguka mbio."

Nimekataa. Zikikopiwa zitabaki kwake.

"Basi ngoja. Sisi tulikungojea kengele miaka yote mu masomo yako!"

Wateja wakacheka. Mimi, mkuu wa shule yao wa zamani, sikucheka.

Asubuhi nzima kwenye kiti kile. Kibao kimoja kinageuka picha, kingine kinagoma. Mbuzi. Kiatu cha mtoto. Faida, mke wa Deo, anachambua majani ya sombe na kuficha uso kwa mkono. Nikifungua moja na kurudi, zote zinakuwa kijivu upya. Namba hazisemi kitu. Mafuta ya jenereta yakaisha kabla sijafika popote.

Jumatano, 5 Juni

Sikuweza kuamka. Mdogo wangu Gaspard amekuja kupanga mambo ya Jumamosi. Wameshaamua: Faida atarudi kwa wazazi wake Kabambare, watoto watabaki kwetu. Kosa lake ni kwamba alimsukuma mumewe shimoni kwa tamaa ya vitenge.

"Wewe ulimukataza Deo, yaya, kaka yangu. Hakusikia. Alisikia bibi yake Faida."

Maneno hayo ni yangu. Niliyasema makaburini, kwa sauti ile ya darasani, kwamba mwanangu alichimba katika shamba langu bila ruhusa yangu. Sasa kila mtu anayakariri. Faida alileta chai, akapiga goti, akatoka. Heri angenimwagia.

Alhamisi, 6 Juni

Duka tena. Safari hii nimeshuka moja kwa moja hadi mwisho wa orodha. Picha za karibuni ziko huko. Vibao vya kijivu. Nikangoja. Kikafunguka kimoja.

Mdomo wa shimo. Udongo mwekundu unaong'aa maji. Pembeni nimesimama mimi, na koti la mvua, kidole kimeelekea chini. Deo aliipiga, kisha akanikabidhi simu isilowe. Siku hiyo, kwa jinsi familia inavyojua, nilikuwa mgonjwa kitandani hapa Kasongo.

Nikabonyeza kufuta. Mashini ikaanza kufikiri. Picha imebaki pale pale, kubwa, mimi na kidole changu.

Ndipo Faida akaingia. Kumbe wiki hii amekuwa akiomba picha ya marehemu sokoni kote, ya kuweka juu ya meza Jumamosi. Kwetu haipo hata moja. Mama Zawadi alimwambia, kwa wema wake, kwamba baba mkwe ana simu iliyojaa sura za nyumbani.

Ameiangalia simu. Kifuko chake alikishona yeye mwenyewe kwa kipande cha kitenge. Kisha akaangalia kioo cha kompyuta.

"Baba mukwe, hii njo siku ile alikufa?"

Nikautazama mstari wa kijani.

"Deo aliniambia watangoja udongo ukauke."

Mstari ukafika mwisho. Picha ikatoweka mbele ya macho yetu. Mimi nimeifuta na yeye ameniona nikiifuta.

Akamgeukia Mama Zawadi. "Mama, nitafutie moja yenye Deo anacheka." Wakangoja pamoja, vibao vikifunguka kimoja kimoja. Mimi nikatoka nje.

Ijumaa, 7 Juni

Faida hajasema kwa mtu. Nani angemwamini? Neno la mwanamke wa Kabambare dhidi ya la Prefe. Wachimbaji wa siku ile walishatawanyika, ushahidi umekwenda, nimeuondoa kwa mkono wangu, na nimelala salama kabisa. Usalama mchafu. Dirishani namwona anakunja nguo za watoto, kisha anazikunjua na kuzirudisha kambani, maana hawataenda naye. Mdogo kabisa bado ananyonya. Gaspard amesema atazoea maziwa ya kopo.

Nimemchukia Gaspard kwa neno hilo. Mimi ndiye niliyempa nafasi ya kulisema.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi tulivu. Viti vimepangwa uani. Picha ya Deo iko mezani, anacheka, wino umekuwa hafifu upande mmoja. Nimemwomba Gaspard anipe neno la kwanza. Amefikiri ni sala.

Naliandika hapa ili ulimi usije ukalipamba. Shimo nililifungua mimi. Mvua ilikuwa imenyesha na Deo alitaka kungoja. Nilimwita mwoga mbele ya wachimbaji, nikamwamuru ashuke.