Moteri ya Kelele Bila Nguvu

Mupwa wangu Bahati,

Huku Songo tuko wazima. Mama yako anauza ndagala, wale samaki wadogo, na kugombeza kila mutu, miye wa kwanza.

Unaandika kwamba moteri ya kindege chako cha kuchezea inapiga kelele lakini nguvu haina. Umeuliza fundi mwenyewe! Ziwa hili lote linanijua, hata samaki wananisalimia.

Siku ya kuzaliwa kwako, nilikuwa ninapeleka mama yako hospitali kwa mutumbwi. Katikati ya maji moteri ikaanza kupiga makelele, na mawimbi yakaturudisha nyuma. Nikasafisha buji yenye kuwasha moto, nikafungua kabureta, nikaiombea. Bure. Mama yako, katika uchungu wake, akaigusa.

«Kaka, iko inachezacheza! Kaza visi, hizi skurubu zenye kuishika kwa ubao!»

Nikakaza. Ikatulia, ikavuta.

Weye pia anzia hapo: kaza moteri kwa ndege, kaza pia elisi yenye kuzunguka mbele. Ikitikisika, mafuta yanatoka povu, hayaifikii vizuri. Hata mutu, mupwa, nguvu yake inatoka kwa wenye kumushika.

Tulifika. Ukazaliwa, ukalia mpaka mutaa wote wa Mulongwe ukasikia. Hiyo ndiyo kelele moja sikutaka kuitengeneza.

Mujomba wako anayekupenda