Nani Angesikia Uzunguni

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mwanangu. Hatujambo, mama yako amepona mafua. Unaniuliza uhamie mtaa wenye watu wengi au kule kwenye mageti na magari.

Enzi za Mwingereza nilikuwa yaya Uzunguni, mtaa wa Wazungu wenye mageti. Memsahibu alizoea kuniambia kuhusu mtaa wetu uliojaa watu, "Kwenu Ngarenaro ni hatari." Siku moja nilirudi kutoka soko la Tengeru nikamkuta bustanini, mguu umevunjika. Alikuwa ameita tangu asubuhi, magari yakipita tu. Nilimpigia daktari simu, nikamshika mkono.

Akauliza, "Kwenu ningesikika?"

"Wangejaa mpaka ukose hewa."

Akacheka huku analia.

Kabla hujalipa kodi, Neema, pita huko mchana uwasalimie watu. Wakikuitikia, hamia.

Bibi yako anayekuombea