Norbert Alitaka Turudi

Fittja, Stockholm
9 Oktoba 2011

Dada Célestine mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo Uvira. Huku baridi imeanza. Binti yangu Shalom ameanza shule, na nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kiswidi. Nguo za Norbert nimezifua, Mama Maombi wa kanisani kwetu atakuletea mwezi ujao.

Uliponipigia simu kuuliza mdogo wako alikufaje, nilikuambia aliteleza. Hiyo ni kweli. Nilikuambia pia kwamba yeye ndiye aliyeng'ang'ania tuendelee. Hiyo si kweli.

Kila Agosti tulikwenda pamoja kupanda milima ya Uskoti. Safari hii tulipita juu ya ukingo mwembamba wa mawe, mahali pa kutambaa kwa mikono na miguu. Ukungu ukashuka, mvua ikalowesha mwamba. Norbert akaketi.

"Kaka Bonheur, turudi," akasema. "Mwamba unateleza."

Nilimcheka. Nikamwambia, "Rudi wewe basi," nikaendelea mbele. Alinifuata kwa sababu hakutaka kuniacha peke yangu. Nikasikia mawe yakiporomoka nyuma yangu, na nilipogeuka hakuwepo.

Wiki sita nimeogopa kukuambia. Najua pale nyumbani mnamlaumu kwa ukaidi wake. Msimlaumu tena, dada. Mwambie na mama yenu.

Simu yangu iko wazi. Hata ukinipigia kunitukana tu, nitapokea.

Ni mimi niliyekuwa naye,
Bonheur